Makohozi ya Kuazima

Siku mliyoniaga mlinipa sanduku la safari, kubwa, lenye magurudumu. Sijui mlidhani naenda wapi. Kutoka hospitalini hadi kwangu Kendu si safari ya kufungasha, na nguo zangu zote zinaenea kwenye kikapu. Nimelitia mahindi ya mbegu, na mpaka leo panya hawajapata njia ya kuingia. Asanteni sana.

Mliomba pia niwaandikie kidogo kuhusu kazi ya maabara ilivyokuwa kabla hamjazaliwa. Nitaandika jambo moja tu, kwa sababu ndilo mlilokuwa mkinichekea. Mliniita "Kohoa Nikuone". Mlidhani sijui. Kwa zaidi ya miaka thelathini sikupokea kikombe cha makohozi kutoka kwa mtu ambaye sikumwona akikohoa kwa macho yangu mwenyewe, hata angekuwa chifu, na chifu mmoja alikohoa. Mlisema ni ukali wa uzee. Ukali huo niliuanza nikiwa na miaka ishirini na mbili, na aliyenifunza ni mtu wa Masara aliyeitwa Odera, ambaye mimi nilishiriki kumfanya kiziwi.

Nilianza kazi mwaka uliofuata uhuru. Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hospitali, kilichowahi kuwa stoo ya viazi, na siku za joto viazi vilirudi puani. Ndani mlikuwa na meza, sinki lisilo na maji, hadubini moja, rafu mbili na Bwana Marwa. Bwana Marwa alikuwa Mkuria wa kule mpakani. Kazi aliisomea jeshini, na Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini vilevile: kila sentensi ilikuwa amri, hata salamu. Yeye Kijaluo hakujua, mimi Kikuria sikujua, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili. Aliniita Binti mpaka siku alipostaafu, ingawa wakati huo nilikuwa na watoto wanne.

"Unaogopa makohozi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hapana, Bwana."

"Basi wewe mwongo. Keti."

Alisema kweli. Niliyaogopa kuliko nyoka. Mjomba wangu alikohoa nyumbani kwetu Kabondo mpaka akaisha, na tangu utotoni nilijua kwamba kile kilichommaliza kilikuwa kinakaa kwenye mate. Kazi hii niliichukua kwa sababu nyingine iliyokuwepo ilikuwa kufundisha darasa la kwanza, na watoto niliwaogopa zaidi.

Alinifundisha hivi. Unachukua kijiti, unaokota kipande kizito cha manjano, si mate. Unakipaka kwenye slaidi, unakausha. Unamwagia rangi nyekundu na kuipasha kwa taa ya spiriti mpaka itoe mvuke, lakini isichemke. Kisha unaiosha kwa asidi. Kila kitu kinatoka rangi isipokuwa mdudu wa tibii, ambaye ni mkaidi. Mwisho unatia rangi ya buluu, na ukiangalia kwenye hadubini unaona vijiti vidogo vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Ukiviona unaandika "Wapo". Usipoviona mara tatu unaandika "Hawapo". Umeme hatukuwa nao. Kioo kilichokuwa chini ya hadubini kilivuta mwanga wa jua dirishani, na wingu likitanda kazi inasimama. Daktari wetu, mgeni mrefu mpole aliyetoka Ulaya, alikuwa akija mbio kuuliza majibu, na Bwana Marwa alikuwa akimwonyesha wingu kwa kidole.

Daktari alitaka pia tuwe tunawaotesha wadudu hao, kazi ambayo hospitali nyingi za ukubwa wetu hazikuithubutu. Chakula chao ni mayai. Unayapiga, unayachanganya na dawa ya kijani, unayamimina kwenye vichupa, unavilaza upande na kuvipasha moto polepole mpaka yagande. Halafu unapanda makohozi yaliyosafishwa juu yake na kungoja wiki sita, wakati mwingine nane. Wadudu wa tibii hawana haraka. Mayai lazima yawe mapya, na yaliyobaki Bwana Marwa aliyakaanga kwenye taa ya spiriti. Kanuni zilikataza. Lakini kanuni hazikuwahi kufanya kazi bila chai ya saa nne.

Wiki ya pili alikuja na kamongo. Kama hamjui, kamongo ni samaki wetu wa matopeni mwenye mapafu, anayepanda juu kuvuta hewa kama mtu. Nyumbani kwetu wanawake hatukumla, na Bwana Marwa aliambiwa hivyo sokoni, ndiyo maana akamnunua: alijua sitaliiba somo lake. Alimpasua mezani, akatoa kipande cha pafu na kipande cha ini, akavidondoshea dawa ile ya kuoshea vidonda. Vyote viwili vilifura povu jeupe.

"Nini kinatoa povu?"

"Dawa, Bwana."

"Dawa imekaa kwenye chupa mwaka mzima, haijatoa povu. Fikiri."

Sikufikiri. Akachukua kipande kingine cha ini, akakichemsha, akakidondoshea dawa ileile. Kikatulia kimya.

"Ndani ya nyama mbichi kuna mfanyakazi," alisema. "Kazi yake kuvunja sumu hii iwe maji na hewa. Hiyo hewa ndiyo povu. Sumu yenyewe mwili unaitengeneza kila siku, kidogo kidogo, kwa sababu tunavuta hewa. Bila huyu mfanyakazi tungeungua ndani kwa ndani. Ukimchemsha, anakufa. Anaitwa katalasi. Rudia."

Nikarudia. Ninyi mnamwita kimeng'enya. Sisi tulimwita mfanyakazi, na alikuwa mfanyakazi pekee hospitalini asiyeomba ruhusa ya kwenda mazishi.

Mdudu wa tibii naye ana mfanyakazi huyo. Ukimdondoshea dawa ile ya vidonda akiwa kwenye yai, anatoa povu. Lakini yule aliyezoea vidonge, ambaye mgonjwa wake alimeza vidonge leo kesho akaviacha, mara nyingi amempoteza. Huyo ukimdondoshea hatoi povu, na Daktari anajua vidonge vile havitamweza. Hilo ndilo jaribio letu, na shikeni hapo, kwa sababu ndilo lililoniumbua.

Miezi sita ikapita, nikawa najua kazi kiasi cha kuwa hatari. Nilikuwa bado siwezi kumtazama mtu akikohoa. Kwa hiyo nikabuni jambo. Nilimwomba fundi seremala apigilie rafu ndogo nje ya dirisha la maabara, na nikatangaza kwamba wagonjwa wasije tena mlangoni. Ndugu zao wataleta vikombe, wataviweka rafuni, mimi nitavichukua kutoka ndani. Foleni ikaisha. Daktari alisema ni wazo zuri sana. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyejenga daraja. Bwana Marwa aliitazama ile rafu, akanitazama mimi, akasema, "Safi," kwa sauti ambayo leo ningeielewa.

Ndipo Odera akaja. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini na mitano, mabega mapana, lakini alitembea kama mzee aliyepanda kilima. Alikuwa ametoboa miamba chini ya ardhi kwa miaka mingi kwenye mgodi mmoja kule Migori. Alipoachishwa alirudi nyumbani Masara, na yeye na mkewe Auma wakawa wanaponda mawe uani wakitafuta dhahabu: yeye kwa nyundo, mke kwa kinu cha chuma. Vumbi lilikuwa likipanda asubuhi na kutua jioni. Alikuwa anakohoa, amekonda, pumzi haitoshi.

Daktari alimpiga picha ya kifua. Nilimpima makohozi mara tatu, mimi mwenyewe, slaidi nzuri, jua zuri. Hawapo. Hawapo. Hawapo. Daktari akasema angoje kidogo, lakini kama hana tibii hospitali haitakuwa na la kumpa.

Kitanda chake kilikuwa karibu na cha Nyangweso, mvuvi wa Takawiri, mzee mfupi mwenye maneno mengi. Tibii ya Nyangweso ilikuwa ya kweli kabisa. Alikuwa amekula vidonge kwa mtindo wa kuvua: akikumbuka anameza, samaki wakiwa wengi anaacha. Kwao ni kisiwani, hakuna aliyekuja kumwona, kwa hiyo Auma alipompikia mumewe jikoni kwa wauguzi alimpakulia na Nyangweso pia. Huko kwetu huwezi kumlisha mmoja huku jirani anatazama.

Siku chache baadaye kikombe cha Odera kilikuja rafuni, nami nikaona vijiti vyekundu, vingi, vizuri kama vya kwenye kitabu. Niliruka. Nilimwita Bwana Marwa aje aone. Nilijiona nimemwokoa mtu ambaye Daktari alikuwa karibu kumrudisha nyumbani. Nikaandika "Wapo" kwenye kadi kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Kikombe cha pili, wapo. Cha tatu, wapo. Odera akaanzishiwa sindano kila asubuhi, pamoja na vidonge, maziwa na nyama. Auma alikuja dirishani kunishukuru. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye kikohozi kidogo kikavu alichokiwekea mkono.

"Nyar Kabondo," aliniambia, yaani binti wa Kabondo, "Mungu akubariki. Umempata mdudu wake."

"Ni kazi tu," nilisema, nikijifanya mnyenyekevu.

Sindano zile zilikuwa dawa kali. Ziliokoa watu wengi, na zina tabia moja mnayoijua: kwa wengine zinakwenda masikioni. Kwanza Odera alisema anasikia kengele. Kisha akawa anayumba akienda chooni. Halafu muuguzi wa zamu akaja kulalamika kwamba yule mtu wa Masara amekuwa na majivuno, anaitwa haitiki. Daktari alikuna kichwa. Kifua kilikuwa hakijapata nafuu hata kidogo. Lakini kadi ilisema wapo, na kadi niliiandika mimi, kwa hiyo sindano ziliendelea.

Wiki zikapita, vichupa vya mayai vikakomaa. Asubuhi hiyo Bwana Marwa alivipanga mezani, vichupa kumi na viwili, akavidondoshea dawa kimoja kimoja. Povu. Povu. Povu. Kichupa cha Nyangweso kikanyamaza. Tulikitarajia hicho. Povu, povu tena, kisha kingine kikanyamaza. Akageuza kibandiko. Odera.

Bwana Marwa akavitenga vile vichupa viwili, akaviweka sambamba.

"Binti. Huyu Odera amekula vidonge kabla ya kuja hapa?"

"Hapana, Bwana. Alisema hajawahi kumeza kitu."

"Wadudu wake wamezoeaje dawa asiyoijua?"

Nikasema labda Nyangweso amemwambukiza.

"Kwa wiki moja? Awe hana, hana, hana, halafu ajae hivyo?" Alinyoosha kidole dirishani, kwenye rafu yangu. "Kikombe chake hukileta nani?"

"Mke wake."

"Umemwona mwenyewe akikohoa? Mara ngapi?"

Hata mara moja sikumwona. Rafu niliiweka ili nisimwone.

Tulikwenda wodini. Bwana Marwa alibeba kikombe kipya mkononi kama mtu anayebeba bunduki, akasimama mbele ya kitanda cha Odera, akajipiga kifua na kuonyesha kikombe. Odera akamtazama Auma. Auma akatazama dari. Odera akakohoa mbele yetu, kikohozi kirefu cha kuumiza kusikiliza, na tulipomaliza siku tatu za kufanya hivyo tulikuwa na slaidi tatu. Hawapo. Nilizipitia kila moja mpaka macho yakatoa machozi. Nilikuwa nawatafuta wale wadudu kwa hamu kama mchawi, kwa sababu wangekuwepo nisingekuwa na hatia.

Bwana Marwa alimwita Auma maabara.

"Makohozi yalikuwa ya nani?"

"Bwana, unaniuliza kama polisi," Auma alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi niliomba tu. Mzee Nyangweso alikuwa na nyingi, bwana yangu hana. Nikaomba kijiko moja. Hata wewe, jirani akikuomba chumvi, si unampa?"

"Kwa nini?"

Akanigeukia mimi, akaendelea kwa Kijaluo, nami nikawa namtafsiria Bwana Marwa. Alisema aliona kwa macho yake pale wodini. Wenye wadudu hupewa sindano, maziwa na nyama, wananenepa, wanarudi kwao. Wasio na wadudu huambiwa waende nyumbani, na wanakwenda nyumbani kufa. Ugonjwa wenye jina una dawa. Mumewe alikuwa amekosa jina. Kwa hiyo akamtafutia.

"Mngemrudisha," alisema. "Nyar Kabondo, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Tulimwuliza Nyangweso naye. Hakuona tatizo lolote. "Mama huyu amenilisha ugali wake tangu nifike," alisema. "Ameniomba makohozi. Nimnyime? Nilikuwa nayatupa!" Nyangweso, nimalizane naye hapa, alihamishiwa hospitali kubwa yenye dawa nyingine, akapona, akarudi Takawiri, na kwa miaka mingi alidai kwamba yeye ndiye aliyegundua kosa letu.

Sindano za Odera zilisimamishwa asubuhi ileile. Masikio hayakurudi. Daktari alikuja maabara, akakaa kwenye kiti changu, akasema kosa ni lake, alipaswa kuiamini picha. Bwana Marwa akasema kosa ni lake, aliiona ile rafu akasema "safi". Walikuwa wanaume waungwana wote wawili. Lakini mwandiko kwenye kadi haukuwa wao. Nililia kwenye choo cha wafanyakazi mpaka mpishi akagonga mlango akitaka zamu yake. Kisha nikachukua nyundo ya fundi, nikaing'oa ile rafu mimi mwenyewe. Misumari miwili imebaki ukutani mpaka leo. Mnatundikia koti hapo.

Ilibaki kumwambia Odera. Niliomba niende mimi. Mnajua jinsi mgonjwa anavyopewa habari mbaya: pembeni, kwa sauti ya chini. Sasa mtu asiyesikia unamwambiaje kwa sauti ya chini? Kusoma hakujua. Nilimpigia kelele sikioni, wodi nzima ikinyamaza kusikiliza, "HUNA TIBII!" na watu wawili wakapiga makofi, wakidhani ni habari njema.

Odera akatikisa kichwa. Hakuwa amesikia, ila alikuwa amesoma uso wangu.

Bwana Marwa aliileta ile picha ya kifua, akaishika mbele ya dirisha. Mapafu yote mawili, hasa juu, yalikuwa yamejaa madoa meupe, madogo, mengi, kama mtama uliomwagika. Odera aliyatazama, na nadhani aliyatambua kabla yetu, maana lilikuwa vumbi la mawe alilolimeza yeye. Alikuwa na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, la zamani, ngozi nene inayong'aa. Bwana Marwa akaligusa, akajaribu kulivuta. Halikuvutika. Akavuta ngozi nzima ya pembeni, ikanyooka ikarudi. Kisha akaweka kidole kwenye kovu, halafu kwenye picha, halafu kwenye kifua cha Odera.

Odera alielewa. Akauliza, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "Kovu lina dawa?"

Nikatikisa kichwa.

Akakaa. Auma alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, na wakati huo, Mungu ndiye shahidi wangu, akakohoa. Kile kikohozi chake kidogo kikavu, mkono mdomoni. Odera hakukisikia, ila aliuona ule mkono. Akamtazama mkewe, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Yeye," alisema. "Mpigeni yeye picha."

Picha ya Auma ilikuwa na madoa machache tu, ya kuhesabika. Daktari alisema hayo hayatatoka, ila akiacha kuvuta vumbi huenda mengine yasiongezeke. Odera alilidaka hilo neno kwa kusoma midomo yetu, na tangu siku hiyo hakuzungumzia tena kifua chake. Alizungumzia kinu. Alitaka kinu kiondoke uani. Auma akabisha, watakula nini? Wakagombana wodini, mmoja akipiga kelele bila kujisikia na mwingine akipiga kelele ili asikike, mpaka Bwana Marwa akaingia kati na amri mbili. Ya kwanza: jiwe linalopondwa lilowe maji kwanza, kila mara, kavu marufuku. Ya pili: kinu kiende kwa mwenye haja nacho, na Auma afuge kuku, kwa sababu maabara inahitaji mayai mapya kila Jumatatu na muuzaji wa sokoni ni tapeli.

Hivyo ndivyo Auma alivyokuwa mtu wa mayai wa maabara yetu. Alikuwa akiyaleta kutoka Masara kwa kikapu chenye majani makavu, na yaliyopasuka njiani aliyatia kwenye kopo kwa ajili ya taa ya spiriti ya Bwana Marwa. Majirani walianza kulowesha mawe, baadhi yao. Wengine walisema mawe ya maji ni mazito na Odera ni kiziwi aliyechanganyikiwa. Alikuwa akipita uani kwa watu na debe la maji, haombi ruhusa, anamwagia jiwe la mtu, anaondoka. Kutukanwa hakukumsumbua. Ni faida pekee aliyowahi kuitaja ya zile sindano.

Miaka mingi baadaye kijana mmoja wenu alitupa semina. Alionyesha slaidi za rangi. Alisema chembe za vumbi la mawe zikifika ndani ya mapafu, askari wa mwili wanazishambulia, na katika vita hivyo wanatoa sumu ileile ya hewa. Mapafu yana vimeng'enya vya kuizima: katalasi, na mwenzake mwenye jina refu kuliko foleni ya Jumatatu, supaoksidi dismutasi, na wengine. Vinazima, vinazima, lakini vumbi halifi, linawasha upya. Siku vinapozidiwa, nyama inaungua na mwili unaziba kwa kovu. Nilikaa kiti cha nyuma nikimwona Bwana Marwa na kamongo wake. Niliinua mkono nikauliza: vumbi likikoma mapema, hao wafanyakazi wanaweza kushika moto usienee? Kijana akanisahihisha kwamba ni vimeng'enya, mama, kisha akasema kwa baadhi ya watu, ndiyo, mara nyingine, ingawa kovu lililokwisha kuwa kovu linabaki, na mara nyingine linaendelea lenyewe. Dawa ya kuwaongezea nguvu bado walikuwa wakiitafuta. Nilisema asante. Sikumwambia kwa nini nauliza.

Lakini nimeruka mbele. Odera aliishi miaka mitatu baada ya kutoka kwetu. Alikufa wakati wa kiangazi, nyumbani kwake, ameketi, kwa sababu kulala kulishamshinda. Habari tuliipata Ijumaa. Bwana Marwa aliniambia nitafute mayai kwingine kwa muda.

Jumatatu baada ya maziko nilisikia mtu akikohoa nje. Auma alikuwa amesimama uani, mbali kidogo na mlango, amevaa koti la mumewe ndani nje. Kwa mila yetu mjane mbichi haingii nyumba ya watu, na kwa kweli hakupaswa hata kutoka kwake. Kikapu alikuwa amekiweka chini ya dirisha, chini ya ile misumari miwili.

"Auma, yawa, jamani, si ungekaa?"

"Kuku hawajui matanga," alisema. "Wametaga." Kisha akasema, "Nimekohoa wiki nzima. Sijui ni kilio au ni kitu. Nipime."

Nilichukua kikombe, nikatoka nje. Nilisimama mbele yake, karibu, kama nilivyosimama mbele ya kila mtu tangu siku ile niliyong'oa rafu. Woga wa makohozi ulikuwa umenitoka, au nilikuwa nimeuzoea.

"Kohoa," nilimwambia, "nikuone."

Mara ya kwanza yalitoka mate matupu. Nikayamwaga mchangani, nikamrudishia kikombe. Mara ya pili alikohoa kutoka chini kabisa, akishika magoti, na nilipotaka kumshika mgongo akakataa kwa mkono. Nilirudi ndani. Jua lilikuwa zuri. Nilipaka, nikapasha, nikaosha, nikatia buluu, nikakaa kwenye hadubini nikapita kila kona ya ile slaidi, kisha nikaianza upya. Siku mbili zilizofuata alikohoa tena uani, nami nikaangalia tena vilevile. Alikuwa akilala kwa mpishi, nje, barazani, kwa sababu ya mila.

Siku ya tatu nikatoka.

"Hawapo," nilisema.

Alinitazama kana kwamba nimemnyima kitu.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na picha uliyopigwa jana ni kama ile ya kwanza, madoa yaleyale. Hayajaongezeka."

Auma alikaa chini kwenye mchanga, kando ya kikapu chake kitupu, akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho nadhani nyumbani hakukilia. Nilikaa naye. Bwana Marwa alitokeza mlangoni, akatuona, akarudi ndani akafunga dirisha taratibu ili tuwe peke yetu. Alipotulia Auma alijifuta uso kwa mkono wa lile koti, akanishika kifundo cha mkono.

"Uliangalia vizuri, Nyar Kabondo? Maana safari hii yalikuwa yangu."